Sura na Maandishi: Namna ya Kuzitambua Sarafu za Kale za Kirumi

Bwana wetu alipoulizwa habari ya kodi ya Kaisari hakujibu mara moja. Aliomba kwanza aonyeshwe dinari, kisha akawauliza waliomjaribu sura ile na maandishi yale ni ya nani (Mt 22:15-22, Mk 12:13-17, Lk 20:20-26). Hata leo, kila anayeshughulika na sarafu za kale za Kirumi huanza na maswali hayohayo mawili: sura ya nani, na maandishi yanasema nini.

Tumeona vema kuwaandalia wasomaji wetu, hasa makatekista, walimu wa dini na waseminari, maelezo ya namna sarafu hizi zinavyosomwa na kupangwa. Picha zake zimejaa katika vitabu vya mafundisho na katika mitandao, mara nyingi zikiambatana na maelezo yasiyo sahihi. Tena wapo mahujaji wanaorudi kutoka Nchi Takatifu na sarafu waliyouziwa kwa jina la "dinari ya Injili" au "senti ya mjane", nao huuliza kama ni kweli. Mara nyingi sarafu yenyewe inaweza kujibu, mradi tuisome kwa utaratibu na tusiitake iseme zaidi ya ilivyoandikwa.

Neno lenyewe si geni kwetu. Dinari ya Kiswahili imetufikia kwa njia ya Kiarabu, na asili yake ni denarius ya Warumi, sarafu ya fedha ambayo katika Injili ya Mathayo ni ujira wa kibarua wa shamba la mizabibu kwa siku moja (Mt 20:2).

Madini na ukubwa

Kabla ya kusoma herufi yoyote, yafaa kujua ni sarafu ya thamani gani tunayoishika. Katika utaratibu uliowekwa na Augustus, aureo moja ya dhahabu ilikuwa na thamani ya dinari 25 za fedha. Dinari moja ilikuwa sestersio 4, na sestersio moja ilikuwa asi 4. Sestersio, ambayo ni kubwa na nzito, na dupondio, ambayo ni nusu yake kwa thamani, zilifuliwa kwa shaba ya manjano. Asi na robo yake, yaani kwadranti, kwa shaba nyekundu. Dinari ya wakati huo ilikuwa na uzito wa chini kidogo ya gramu 4. Sarafu za shaba huwa na herufi mbili kubwa upande wa nyuma, S C, yaani kwa azimio la Seneti.

Kuna alama nyingine ya kukumbuka, maana itatusaidia mbele. Kaisari akiwa amevaa taji la miale kama ya jua, badala ya taji la majani, mara nyingi sarafu hiyo ina thamani maradufu. Kwa shaba ni dupondio, hasa tangu wakati wa Nero. Kwa fedha ni antoniniano, iliyoanzishwa na Caracalla mwaka 215. Mkewe Kaisari, kwa kuwa havai miale, huwekwa juu ya mwezi mchanga.

Maandishi yaliyozunguka kichwa

Hapa ndipo penye utajiri. Maandishi huzunguka ukingoni, kwa kawaida yakianzia chini kushoto na kufuata mwendo wa saa. Hayana nafasi kati ya neno na neno, U huandikwa V, na karibu kila cheo kimefupishwa. Anayeona mara ya kwanza hudhani ni fumbo. Lakini vifupisho vyenyewe si vingi, na hurudiwa kwa karne nyingi.

Tuchukue sestersio moja ya Vespasianus na kuisoma pamoja. Upande wa kichwa imeandikwa: IMPCAESVESPASIANAVGPMTRPPPCOSIII. Tukiigawanya tunapata IMP, amiri jeshi mwenye ushindi, CAES, Kaisari, VESPASIAN, jina lake, AVG, Augustus, cheo cha mtawala mkuu, P M, Pontifex Maximus, kuhani mkuu wa dini ya Roma, TR P, mwenye mamlaka ya kitribuni, P P, Baba wa Taifa, na COS III, konsuli kwa mara ya tatu. Tazama zile P tatu zinazofuatana katikati: ya kwanza ni ya TR, na mbili zinazobaki ni za Baba wa Taifa. Wanaoanza hujikwaa hapo kila mara.

Kilicho muhimu kwa kupata tarehe ni namba. Vespasianus alikuwa konsuli kwa mara ya tatu mwaka 71 na kwa mara ya nne mwaka 72, basi sarafu hii ni ya mwaka 71. Namba ya ukonsuli haitoi mwaka mmoja kila wakati, kwa sababu kaisari aliendelea kuiandika mpaka aushike tena ukonsuli. Traianus aliandika COS V tangu 103 hadi 111, na COS VI tangu 112 hadi kufa kwake mwaka 117. Mamlaka ya kitribuni ni bora zaidi kwa kazi hii, kwa kuwa ilihesabiwa upya kila mwaka. Penye namba baada ya TR P, mwaka unapatikana.

Hata jina likiwa limefutika, vyeo vilivyobaki husaidia. Maneno P F AVG, mcha Mungu na mwenye heri, ni ya kawaida tangu karne ya tatu. D N, yaani Bwana wetu, mwanzoni mwa jina huelekeza karne ya nne na kuendelea. NOB CAES ni kaisari mdogo, mrithi aliyeteuliwa. AVGG kwa G mbili humaanisha kwamba watawala wakuu ni wawili, na kwa G tatu ni watatu. Kilatini cha seminari ndogo, ambacho wengi wetu tulikilalamikia, kinalipa hapa. TRAIANVS ni Traianus mwenyewe anayetajwa, lakini TRAIANO ni "kwa Traianus", yaani sarafu inatolewa kwa heshima yake. Ndiyo maana upande wa nyuma wa sarafu zake nyingi tunasoma kwamba Seneti na watu wa Roma wanamtolea aliye mtawala bora kuliko wote, S P Q R OPTIMO PRINCIPI.

Hapa tutoe tahadhari kwa Wakatoliki. P M au PONT MAX juu ya sarafu haimaanishi Papa. Makaisari walikitumia cheo hicho tangu Augustus, nacho kilihusu dini ya miungu ya Roma. Ni kweli kwamba baadaye sana sarafu za Mapapa nazo ziliandikwa PONT MAX. Ila hizo zina funguo za Mtakatifu Petro, ngao ya ukoo au sura ya mtakatifu, na jina la Papa pamoja na namba yake. Mtu mwenye sarafu ya Papa Clement XI asidhani ameipata ya Kaisari, wala kinyume chake.

Misri ilikuwa na utaratibu wake. Sarafu zilizofuliwa Aleksandria ziliandikwa kwa Kigiriki, nazo hutupa tarehe kwa urahisi kuliko zote. Alama inayofanana na L humaanisha mwaka, na herufi zinazofuata ni namba ya mwaka wa utawala. L IB chini ya Nero ni mwaka wake wa 12, yaani 65/66, maana mwaka wa Misri ulianza mwishoni mwa Agosti. Utaratibu huo ulikoma wakati wa Diocletianus, karibu mwaka 296.

Picha za upande wa nyuma

Nyingi ni sura za wanawake wanaowakilisha fadhila au mambo mema, na kila mmoja hutambulika kwa anachokishika. Pax, amani, ana tawi la mzeituni. Aequitas, haki katika vipimo, ana mizani. Fortuna ana usukani wa chombo na pembe iliyojaa mazao. Salus, afya, humlisha nyoka kutoka katika kisahani. Spes, tumaini, hushika ua kwa mkono mmoja na kuinua pindo la vazi kwa mwingine. Victoria ana mabawa, na kutoka kwake wachoraji wa Kikristo wa baadaye walipata mengi walipochora malaika.

Hadrianus, aliyesafiri kuliko makaisari wengi, alitoa mfululizo wa sarafu za majimbo ya dola. Katika mojawapo, AFRICA ni mwanamke aliyejiegemeza, amevaa kichwani ngozi ya kichwa cha tembo, mkononi ana nge, na karibu yake kuna kikapu cha nafaka. Msomaji akumbuke kwamba Africa hiyo ni jimbo la Kartago na maeneo yake, nchi ya Mtakatifu Sipriani. Jina hilo lilikuja kuenea juu ya bara zima baadaye.

Picha hizi hutuambia mtawala alitaka watu waamini nini. Hazituambii sikuzote nini kilitokea. Wana wa Septimius Severus, Caracalla na Geta, walionyeshwa kwenye sarafu za mapatano, CONCORDIA, wakishikana mikono. Mwezi Desemba 211 Caracalla alimwua mdogo wake. Kisha akaamuru jina na sura ya Geta vifutwe kila mahali. Zipo sarafu za mji wa Stratonicea, katika Uturuki ya leo, ambazo zilikuwa na nyuso mbili zinazotazamana, na uso mmoja umekwanguliwa. Tunayemtambua kwa nafasi tupu ni Geta.

Ile sestersio ya Vespasianus tuliyoisoma, aina yake mojawapo ina maneno IVDAEA CAPTA upande wa nyuma: mtende katikati, upande mmoja mwanamume mfungwa, upande mwingine mwanamke ameketi chini akiomboleza. Yerusalemu ilikuwa imeangushwa mwaka uliotangulia. Baada ya hapo Vespasianus aliwaagiza Wayahudi walipe kwa hekalu la Jupita kule Roma kodi ileile waliyokuwa wakiitoa kwa Hekalu la Mungu. Miaka 25 hivi baadaye Nerva alitoa sestersio yenye mtende uleule, safari hii bila wafungwa, na maandishi FISCI IVDAICI CALVMNIA SVBLATA: aibu ya mashitaka ya uongo juu ya kodi ya Wayahudi imeondolewa. Sarafu hizi mbili zikiwekwa pamoja mezani humfundisha mwanafunzi wa Maandiko mengi kuhusu nyakati ambazo Injili ziliandikwa na kusomwa mara ya kwanza. Anayeitazama picha peke yake ataona mtende na mtende. Tofauti imo katika maandishi.

Maandishi na picha yanapopingana

Hutokea pia kwamba maandishi yenyewe, yakisomwa peke yake, yanapotosha. Kuna sarafu ya fedha yenye kichwa cha Traianus na maneno DIVO TRAIANO, kwa Traianus aliyefanywa mungu. Nyuma ni tai au madhabahu na neno CONSECRATIO. Anayeanza ataiweka mara tu baada ya kifo cha Traianus. Lakini tazama kichwa kimevaa nini: taji la miale, na sarafu ni antoniniano, ambayo Traianus hakuijua, kwa kuwa ilianza karibu miaka 100 baada yake. Maandishi yanasema ni nani anayeheshimiwa, hayasemi ni nani aliyeitoa.

Wataalamu leo huihesabu katika mfululizo uliotolewa wakati wa Decius, aliyetawala tangu 249 hadi 251. Katika mfululizo huo waliheshimiwa makaisari waliofanywa miungu, kuanzia Augustus hadi Severus Alexander. Jina la Decius tunalifahamu kwa njia nyingine. Ndiye aliyeamuru wakazi wa dola watoe sadaka kwa miungu na kupata hati ya kuthibitisha kwamba wametoa. Baadhi ya hati hizo, zilizoandikwa kwenye mafunjo, zimepatikana Misri. Papa Fabianus aliuawa Januari 250. Sipriani, Askofu wa Kartago, ilimbidi ajifiche, na baadaye akabaki na suala zito la kuwarudisha katika Kanisa wale waliokuwa wameanguka. Mkristo aliyeitwa kutoa sadaka huenda alikuwa mfukoni na sarafu iliyotangaza miungu ileile aliyotakiwa kuikiri. Hatuna haja ya kutia chumvi. Sarafu haimtaji Mkristo hata mmoja. Inatuonyesha tu serikali ile ilivyowaza.

Tunaona jambo linalofanana na hilo, ila kwa upande wa pili, katika sarafu za Constantinus. Wengi hudhani kwamba baada ya ushindi wa mwaka 312 sarafu zake zilijaa msalaba. Sivyo. Kwa miaka kadhaa ziliendelea kutoka na SOLI INVICTO COMITI, kwa Jua lisiloshindwa, mwenzi wa Kaisari. Alama ya herufi mbili za kwanza za jina la Kristo kwa Kigiriki huonekana kwa nadra: kwenye kofia ya chuma katika medali ya fedha ya mwaka 315, na juu ya bendera inayomchoma nyoka katika sarafu ya shaba ya Konstantinopoli ya mwaka 327 hivi, SPES PVBLIC. Alipokufa, wanawe walitoa sarafu inayomwonyesha akipanda katika gari la farasi wanne huku mkono ukinyooshwa kutoka mbinguni kumpokea, nayo bado inamwita DV, yaani Divus, kwa desturi ya makaisari wapagani. Alama ya Kristo ilipokuja kujaza upande mzima wa nyuma, ikiwa na Alfa na Omega pembeni, aliyeitoa alikuwa Magnentius, mnyang'anyi wa kiti, karibu mwaka 353. Tunawasihi walimu wasiandike kwamba "Constantinus aliweka msalaba kwenye fedha" bila kueleza ni fedha ipi na ya mwaka gani.

Kwa sarafu hizi za karne ya nne, herufi ndogo zilizo chini ya mstari, upande wa nyuma, hutaja mji uliozifua: ANT ni Antiokia, ALE ni Aleksandria, CONS ni Konstantinopoli, SIS ni Siscia, TR ni Trier. Herufi moja inayoongezwa, mara nyingi ya Kigiriki, hutaja karakana ndani ya mji huo.

Dinari ya Injili na senti ya mjane

Turudi kwa mahujaji wetu. Sarafu inayoitwa dinari ya kodi ni ya Tiberius. Mbele: TI CAESAR DIVI AVG F AVGVSTVS, Tiberius Kaisari, mwana wa Augustus aliyefanywa mungu, Augustus. Nyuma: PONTIF MAXIM, na mwanamke aliyeketi, fimbo ya enzi mkono mmoja na tawi mkono mwingine, wengi humtambua kuwa Livia, mama yake Tiberius. Ilifuliwa Lugdunum, Lyon ya leo, kwa zaidi ya miaka 20 bila mabadiliko makubwa. Haina namba yoyote ya cheo, hivyo haiwezekani kusema hii ni ya mwaka fulani; wataalamu hugawanya aina zake kwa vitu vidogo kama miguu ya kiti.

Je, ndiyo aliyoishika Bwana? Injili hazimtaji kaisari kwa jina. Tiberius ndiye aliyekuwa akitawala, na dinari yake inafaa. Lakini dinari za Augustus zilikuwa bado mikononi mwa watu, hasa ile yenye wajukuu wake Gaius na Lucius na ngao zao. Inatosha kusema kwamba ni aina ya dinari ya wakati ule. Vilevile DIVI F isifasiriwe kana kwamba Tiberius alijiita Mwana wa Mungu kwa maana tunayoiungama katika Kanuni ya Imani. Divus ni mtu ambaye baada ya kufa Seneti imemhesabu miongoni mwa miungu, kama ilivyomfanyia Augustus mwaka 14. Mvutano kati ya maneno hayo na imani ya Myahudi mcha Mungu ni mkubwa vya kutosha bila sisi kuukuza.

Kuhusu senti ya mjane, Marko anaeleza kwamba zilikuwa lepta mbili, ambazo thamani yake ni kwadranti moja (Mk 12:42). Inaonekana alitaka wasomaji wanaotumia hesabu ya Kirumi waelewe. Zinazouzwa mara nyingi ni vishaba vya mfalme Alexander Jannaeus, aliyetawala Uyahudi karne moja kabla, vyenye nanga na nyota. Ni sarafu za Kiyahudi, si za Kirumi, na kwa kuwa ziliendelea kutumika muda mrefu, dai la wauzaji si la ajabu. Ila hakuna kishaba kinachoweza kuthibitishwa kuwa kilitoka mkononi mwa mjane yule.

Vitabu vya kulinganisha, na mambo ya mkononi

Aliyeweka msingi wa elimu hii kama tunavyoijua alikuwa padre, Joseph Eckhel, Mjesuiti mpaka shirika lilipofutwa mwaka 1773, kisha mtunza sarafu za kifalme mjini Vienna. Kazi yake ya Kilatini, Doctrina numorum veterum, ilitoka katika majuzuu 8 kati ya 1792 na 1798. Leo marejeo ya kawaida kwa sarafu za makaisari ni Roman Imperial Coinage, iliyoanza kutoka mwaka 1923 na kukamilika katika majuzuu 10; namba zake hutanguliwa na herufi RIC. Sehemu kubwa ya orodha hiyo sasa inapatikana bure katika intaneti kupitia Shirika la Elimu ya Sarafu la Marekani, kwa jina OCRE, na mtu anaweza kutafuta kwa kuandika herufi chache tu anazoziona.

Aliye na sarafu mkononi aipime kwanza uzito na upana, maana bandia nyingi hujulikana kwa uzito. Atazame ukingo kwa kioo cha kukuza: sarafu halisi za Kirumi za aina tulizozitaja ziligongwa kwa nyundo kati ya mihuri miwili, hivyo mstari wa kiungo cha kalibu ukingoni ni dalili mbaya. Baadhi ya bandia ni za zamani na ni nzuri mno. Giovanni da Cavino wa Padova, katika karne ya 16, alitengeneza mifano ya sestersio ambayo makumbusho huihifadhi kwa thamani yake yenyewe. Asiisugue kwa mchanga, ndimu wala majivu, kwa kuwa utandu wa kijani unaomchukiza ndio mara nyingi ulioshikilia herufi. Kisha aandike anachokiona kwa mpangilio huu: madini, uzito, maandishi ya mbele herufi kwa herufi na nukta mahali palipofutika, kichwa na taji lake, maandishi ya nyuma, picha, na herufi za chini. Palipo na shaka aweke alama ya kuuliza. Sarafu isiyosomeka iandikwe kwamba haijatambuliwa, na ihifadhiwe hivyo katika bahasha yake mpaka apatikane wa kuilinganisha na nyingine iliyofuliwa kwa muhuri uleule.